Wembe wa Kwanza wa Fundi Pamba

Hakuwa na wembe. Tuanzie hapo, maana ndilo jambo lililomtoa nyumbani. Hakuwa na kioo chake. Kile cha chumbani kilitundikwa kwa kimo cha mkewe, na akitaka kujitazama ilimbidi apinde magoti kama mtu anayeomba radhi. Hakuwa na brashi ya povu, wala sabuni ya kunyolea, wala ukanda wa kunolea. Hakuwa na kovu hata moja kidevuni, ilhali kila mwanamume wa rika lake alikuwa nalo na kisa chake. Hakuwa na shati alilolichagua mwenyewe, wala viatu, wala kazi, na ukimsikiliza mkewe, hakuwa hata na mke aliyemchagua mwenyewe. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na kaka yake karibu, maana kaka yake ndiye aliyekuwa akimchagulia hayo yote.

Watu walimwita Pamba, kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa magodoro. Tangu ujana wake alikuwa akichambua pamba, akiichapa kwa fimbo mpaka inafura kama wingu, akiishindilia ndani ya kitambaa cha mistari na kuishona kwa sindano ndefu. Karakanani kwake hapakuwa na mlio. Nyundo ikianguka mle ungedhani imewekwa. Pamba ilipaa hewani ikatua kwenye nyusi zake, na watu walioingia kutoka kwenye kelele za mtaani walijikuta wakinong'ona bila kujua kwa nini.

Upande wa pili wa ukuta palikuwa na duka la kaka yake, Kinyozi. Milango miwili, ukuta mmoja. Kinyozi ndiye aliyemwambia, enzi zile wakiwa bado vijana, "Mdogo wangu, wewe una mikono laini. Kashone magodoro, vyenye makali niachie mimi." Akaenda kushona magodoro. Kinyozi ndiye aliyemwambia, "Yule binti wa mshona viatu atakufaa. Ana akili za watu wawili, na wewe utazihitaji." Akaoa. Wala hakujuta hata siku moja. Mtu akichaguliwa vizuri kila mara, hasikii kama amechaguliwa.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, Pamba alikaa kwenye kiti kikubwa cha duka la pili na kaka yake akamnyoa. Hapo ndipo dunia ilipokuwa tamu. Taulo la moto usoni. Harufu ya sabuni. Wembe ukipita juu ya ukanda, fyu, fyu, kama mtu anayefagia uwanja wa mbali. Pamba alikitazama kioo mpaka macho yakamlegea, na mle ndani, katika nusu ya usingizi, aliuona mkono wa kaka yake ukielea juu ya povu kama kitu kisicho na mwenyewe, ukishuka shavuni bila haraka. Yote aliyoyajua juu ya kunyoa aliyajulia humo kiooni. Hakuwahi kugeuka kutazama nyuma. Ungegeukaje na wembe uko shingoni?

Kisha mkono ule ukaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo tu, kama jani linalofikiri kuanguka. Kinyozi aliendelea kunyoa, na Pamba aliendelea kuketi. Mpaka siku moja Kinyozi alipoinua kikombe, chai ikamwagika yote kwenye sahani. Akaitazama kwa muda mrefu. Akakunja wembe wake, akafunga duka, akampa mdogo wake ufunguo, akaenda mji mwingine kuishi kwa binti yake. Tangu siku hiyo Pamba alikuwa akipunguza ndevu zake kwa mkasi wa magodoro, na zilionekana hivyo hivyo.

Alipopiga simu kumjulia hali, alipokea binti wa Kinyozi.

"Baba mdogo, afadhali umepiga. Baba hatoki chumbani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ana ndevu."

"Ndevu si ugonjwa, mwanangu."

"Kwake ni ugonjwa. Kujinyoa hawezi, na kunyolewa hataki. Anasema mtu asiyenyoa si mtu wa kuonwa. Kwanza aliacha kwenda barazani, akaacha kuja sebuleni, sasa hata chakula anapelekewa. Juzi mjukuu wake alimchungulia mlangoni akakimbia, akadhani ni mgeni. Baba alilisikia lile. Tangu hapo anafunga na ufunguo." Sauti ikashuka. "Nakwambia ukweli, baba mdogo. Anazimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Haya, ongea naye, nimepitisha simu chini ya mlango."

Kikaja kikohozi ambacho Pamba angekitambua hata ndotoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hiyo simu umepewa na nani?"

"Ni yangu, kaka. Wewe ndiye uliyenichagulia."

"Ehe. Ndiyo maana inasikika vizuri."

"Nasikia umefuga ndevu."

"Sijafuga. Kufuga ni kwa mtu anayetaka. Hizi zimejiotea, kama magugu kwenye shamba la marehemu."

"Si aitwe kinyozi hapo mtaani?"

"Kinyozi gani? Hawa wenye vimashine vinavyolia kama nyuki? Nimenyoa watu kwa heshima maisha yangu yote, leo mimi ninyolewe bila maji?"

Pamba alitazama pamba iliyokuwa ikielea mbele ya dirisha. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Nitakuja kukunyoa mimi."

Kule chumbani pakatoka kicheko kikavu. "Wewe Pamba? Kwa kitu gani? Kwa sindano?"

"Kwa wembe."

"Wembe wa nani? Unaijua sheria ya duka langu. Wembe wa kwanza mtu anauchagua mwenyewe. Hapewi, harithi, hachaguliwi. Nimefundisha vijana wangapi, na hakuna hata mmoja niliyemshikia mkono siku hiyo. Wembe uliochaguliwa na mwingine haumjui anayeushika, na siku ya siku utamkana mbele za watu. Wewe hujawahi kuchagua hata soksi."

"Nitachagua."

"Basi ukichagua, bila kumuuliza mkeo, wala mimi, wala mpita njia, niandikie barua. Hapo nitafungua mlango."

"Kwa nini nisikupigie tu simu?"

"Simu ni ya salamu na misiba. Jambo la maana huandikwa. Tena kwenye simu ningekusikia ukimuuliza mtu pembeni useme nini."

Simu ikakatika. Pamba alibaki ameishika sikioni, akisikiliza ule mvumo wake kama mtu aliyeweka kombe sikioni.

Mkewe, Mama Watoto, alikuwa amesimama mlangoni na kapu la uzi, na alikuwa amesikia yote, maana alikuwa na masikio ya watu wawili pia.

"Mtoto akililia wembe, mpe," alisema. "Nenda kanunue."

"Wa namna gani?"

"Ee! Umeshaanza!"

"Nimeuliza tu."

"Ndicho ulichokatazwa hicho. Nenda, baba. Ukirudi na shoka nitajua ulichagua mwenyewe."

Duka la vyenye makali lilikuwa mwisho wa kichochoro nyuma ya wachonga funguo, mahali ambapo jua lilifika kwa kuombwa. Mwenye duka alikuwa bibi mmoja mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Makali. Alinoa mikasi ya mafundi cherehani, visu vya wauza nyama na nyembe za vinyozi, na ulimi wake haukuhitaji kunolewa. Chumba chake kilikuwa kirefu na cheusi, chenye dirisha moja dogo juu, na chini ya dirisha palikuwa na jiwe la kunolea lililozunguka likilambwa na maji. Tone, tone, tone. Mikasi ilining'inia ukutani imefumba midomo.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, karibu. Nani kakukata ndevu hivyo, panya?"

"Mkasi wa magodoro."

"Ah, wewe ni Pamba. Mdogo wake Kinyozi." Akalisimamisha jiwe. "Unataka nini?"

"Wembe wa kukunja. Ndio wangu wa kwanza."

Mama Makali alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Akaingiza mkono chini ya meza akatoa trei iliyofunikwa kwa kitambaa cha kijani, akakifunua taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala. Nyembe zilikuwa zimelala humo zimepangwa bega kwa bega: mipini ya pembe, mipini ya mti, mipini ya mfupa uliogeuka rangi ya chai. Kila alipoufungua mmoja, mwale wa dirishani uliteleza juu ya chuma ukapotea, kama samaki anayegeuka kwenye maji ya kina.

"Upi mzuri?" aliuliza Pamba.

"Mimi nauza. Sichagui."

"Lakini kama ungekuwa wewe..."

"Ningekuwa mimi nisingekuwa na ndevu."

Pamba akainama juu ya trei. Chumba kilikuwa kimya, maji yakidondoka, na yeye akahisi kama anazama polepole kwenye usingizi wa Jumamosi. Wembe mmoja ulikuwa mwepesi, mwingine mpana. Mmoja mpini wake ulikuwa umechorwa maua. Achukue upi, na kwa nini? Akaanza kutamani mtu aje amguse begani aseme, "Huo." Na hapo, pembeni kabisa, akauona.

Mpini mweusi. Ufa mdogo karibu na kichwa cha mpini, umefungwa kwa waya wa shaba. Waya ule aliuleta yeye mwenyewe kutoka karakanani, siku ambayo kaka yake aliuangusha wembe sakafuni na duka zima likashika pumzi.

Ulikuwa wembe wa kaka yake.

"Huu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Nachukua huu."

"Huo?"

"Huo huo. Sihitaji kuangalia mwingine."

"Naona," alisema Mama Makali, akaufunga kwenye karatasi.

Pamba aliutia mfukoni akarudi akitembea kama mtu aliyebebwa. Hakujiuliza wembe wa kaka yake ulifikaje kwenye trei ile. Alichojua ni kwamba katika nyembe zote za dunia amekutana na ule unaoujua uso wake kuliko anavyoujua yeye. Kama huko si kuchagua, basi kuchagua ni nini?

Jumamosi asubuhi alichukua ufunguo akafungua duka la kaka yake. Vumbi lilikuwa limetulia kila mahali, lakini kiti kilikuwa kimefunikwa kwa shuka aliloshona yeye, na alipolivuta, ngozi ya kiti ilikuwa inang'aa kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Alichemsha maji. Alikoroga povu. Alikumbuka fyu, fyu, akaupitisha wembe kwenye ukanda uliokuwa bado unaning'inia, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata, kama alivyoona. Akaketi. Mvuke ulipanda ukafunika kioo, kisha ukajifuta wenyewe polepole, na mle ndani akatokea mtu mwenye uso mweupe wa povu ambaye angeweza kuwa yeyote kati yao wawili.

Akainua mkono wa kulia, kama alivyoona maisha yake yote.

Wembe ukagusa shavu ukakataa. Haukulala. Alijaribu kuulaza, ukasimama. Alijaribu kuusimamisha, ukalala kwa upande usiotakiwa. Ulivuta badala ya kukata, ulikwaruza kama paka asiyemtaka mgeni. Alifumba macho, akamwazia kaka yake yuko nyuma ya kiti. Akauona ule mkono ukielea. Akauacha mkono wake uufuate, wakaelea pamoja, yeye na kaka yake, juu ya lile bonde la povu jeupe, mbali, mbali kabisa, hakuna sauti, na maumivu ya moto yakamkata karibu na taya.

Alifumbua macho. Tone jekundu lilikuwa likitembea juu ya povu bila haraka.

Akakaa hivyo, akilitazama. Kisha akautazama mkono ulioshika wembe kiooni, akautazama mkono wake wenyewe nje ya kioo, akarudi kiooni tena: huku wa kulia, kule wa kushoto. Jambo ambalo alilijua tangu utotoni likamjia kama habari mpya. Kaka yake alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikuwa akitaniwa kwalo na shangazi zao, "Wewe mashoto, utaandika jina lako kwa kurudi nyuma." Lakini kiooni, Jumamosi zote zile, kiooni Kinyozi alikuwa wa mkono wa kulia kama watu wote. Na wembe huu ulikuwa umenolewa na mkono wa kushoto na kushikwa na mkono wa kushoto mpaka chuma chenyewe kikalalia upande huo, kama kiatu kinavyolalia upande wa mwenyewe.

Hakuwa amechagua wembe. Alikuwa amechaguliwa tena, na safari hii hata mchaguaji hakuwepo.

Mkewe alimkuta mlangoni mwa duka na kipande cha pamba kimebandikwa tayani.

"Mungu wangu! Hata jeraha lako unalishonea godoro."

"Usicheke."

"Sicheki." Alicheka. Kisha akamshika kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga, akapuliza pamba iliyokuwa kwenye nyusi. "Huo wembe si wa shemeji?"

"Ndio."

Alifungua mdomo aseme neno, akaufunga. Pamba alimwona akilimeza lile neno kama kidonge kikubwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

Alirudi kwa Mama Makali akitembea haraka, hasira ikiwa imemjaa. Hakuijua hasira vizuri, hakuwa na matumizi nayo kazini, kwa hiyo hakujua aishike wapi. Aliuweka wembe mweusi juu ya meza, kando ya trei iliyokuwa wazi.

"Mama, uliujua huu ni wa nani."

"Niliujua."

"Na ukaniacha niuchukue!"

"Ulisema huhitaji kuangalia mwingine. Ningekufumbua macho kwa nguvu?" Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Chai iko motoni. Umekatwa?"

"Kidogo."

"Aliuleta mwenyewe siku aliyofunga duka," alisema Mama Makali, akimimina. "Hakuuza. Aliuweka hapo kwenye trei kwa mkono wake, na mkono ulikuwa unatetemeka hata nyembe nyingine zikawa zinalia. Akasema, 'Mdogo wangu atakuja siku moja. Huu ndio atakaouona kwanza. Usimwambie kitu.'"

"Halafu?"

"Halafu nini? Alisema nisikwambie kitu, na mimi nimeshakwambia. Nimezeeka."

"Lakini alitaka niuchukue au niuache?"

"Kamuulize."

"Siwezi kumuuliza! Nikimuuliza nitakuwa nimeuliza!"

"Basi umekwama, baba. Kunywa chai."

Alikunywa. Na chai ilivyoshuka, maneno yakapanda. Yeye ambaye karakanani alinong'ona, sasa aliongea. Alimwambia Mama Makali kuhusu mlango uliofungwa na mjukuu aliyekimbia. Alisema kaka yake ni mtu wa ajabu, anakutegea wembe kama mtego wa panya na huku anakupenda. Alisema labda aliuacha ule wembe kwa mapenzi, labda kwa mtihani, labda yeye mwenyewe Kinyozi hakujua, labda hakuweza tu kuutupa. Alisema mtu anaweza kunyonywa akili kwa wema mpaka akawa kama mto, kila anayeulalia anauachia alama ya kichwa chake. Alinyoosha mkono, akachora hewani, akagonga meza. Akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Mwale wa jua ulikuwa umehama kutoka ukutani hadi sakafuni, na maji yalikuwa yakidondoka, na alijisikia mwepesi, kama pamba iliyochapwa vizuri.

"Mimi nalijua godoro," alikuwa akisema. "Watu wanakuja kwangu wanabonyeza kwa kidole, wanasema hili laini, hili gumu. Upuuzi. Godoro zuri ni lile unalolala ukalisahau. Ukiamka unalikumbuka godoro, godoro hilo baya. Sasa hebu niambie..."

"Nikwambie baadaye," alisema Mama Makali. "Kwanza punguza mikono, utanikata pua."

Pamba akasimama. Akatazama mkono wake wa kulia.

Mkononi mlikuwa na wembe. Ulikuwa umefunguliwa, umelala kati ya vidole vyake kama umeota pale. Mpini wa pembe ya kijivu, mwembamba, bila ua wala nakshi. Hakukumbuka kuuchukua kwenye trei. Hakukumbuka kuufungua. Alikuwa amekunywa kikombe kizima cha chai kwa mkono wa kushoto, akatembea, akagombana na ukoo wake mzima, na muda wote huo wembe ulikuwa mkononi mwake na hakuujua.

Hata matone yalionekana kusubiri.

Alichomoa uzi wa pamba kwenye upindo wa shati lake, akauning'iniza kwa vidole viwili, akausogezea makali. Uzi haukucheza. Ulikuwa mmoja, kisha zikawa nyuzi mbili, na nusu ya chini ikaanza safari yake ya taratibu kwenda sakafuni. Wote wawili waliisindikiza kwa macho.

"Mama," alisema Pamba.

"Usiniulize."

"Siulizi. Nakwambia. Nachukua huu."

"Na ule mweusi?"

Alifikiri. Hakutazama mlangoni kama kuna atakayekuja kumjibia. "Ule hautakaa kwenye trei kama yatima. Nitampelekea mwenyewe. Lakini sitamnyoa nao."

Mama Makali alifunga nyembe zote mbili, kila mmoja kwenye karatasi yake. "Wenye ndevu," alisema, "mna shughuli."

Jumamosi iliyofuata alilikoroga povu bila haraka. Hakufumba macho. Aliuketisha wembe wa kijivu shavuni, akauacha ulale pale ulipotaka, na ulipoanza kushuka ulitoa sauti ndogo ya kitambaa kizuri kinapochanwa polepole. Kiooni mkono ulikuwa ukielea tena, lakini safari hii alijua ni wa nani. Povu liliondoka kwa vipande, na chini yake akatokea mtu aliyefanana na kaka yake kidogo, na baba yao kidogo pia, na pembeni ya taya alikuwa na alama nyekundu ambayo ingekuwa kovu. Akaigusa. Akacheka peke yake.

Alipotoka, mkewe alimzunguka kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Umenyolewa na nani?"

"Na mume wako."

"Haya, mwambie ana mkono mzuri." Alimpapasa shavu kwa mgongo wa vidole, na akasahau kuuondoa mkono.

Barua aliiandika karakanani, juu ya godoro lililokuwa halijafungwa mdomo, ubao mapajani. Hakumwita mtu amsomee. Aliandika:

"Kaka mpendwa, shikamoo. Nimechagua wembe. Mpini wake wa pembe, wa kijivu, wewe ungeupita bila kuutazama. Sikumuuliza mtu. Nimeuchagua kwa sababu niliusahau mkononi, na hiyo ni sheria ya duka langu, si ya duka lako. Wako mweusi niliuona kwanza, kama ulivyosema. Niliuchukua, ukanikata, nikaelewa. Sijui ulitaka nifanye nini na sitakuuliza. Nakuletea ukae nawe, maana unakujua. Jumamosi ijayo asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na maji ya moto. Mwambie mjukuu akae nje ya mlango, nataka awe wa kwanza kukuona. Utakaa kwenye kiti, nami nitasimama nyuma, na kama unataka kusinzia, sinzia. Mimi nimeshanyoa. Wewe zako tia maji. Mdogo wako, Fundi Pamba."

Aliisoma mara moja. Pamba ilikuwa imetua juu ya wino, akaipuliza, lakini unyuzi mmoja ulikuwa umeshanasa kwenye neno "kaka" na akauacha. Alikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akabonyeza ukingo kwa dole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho kama anavyofunga mshono wa mwisho wa godoro. Stempu alibandika mwenyewe.

"Nikupelekee?" mkewe aliuliza kutoka ndani. "Napita posta."

"Hapana. Nakwenda mimi."

Alipita mlango wake na mlango wa kaka yake, uso wake ukiwa mtupu kwenye upepo, na upepo ulikuwa mpya shavuni. Kwenye sanduku la posta alisimama kidogo, akaisukuma bahasha kwenye mdomo wa chuma, akaiachia. Ilianguka juu ya barua nyingine bila mlio, kama kitu kilichowekwa.